Bustanini na watoto: asubuhi au jioni?

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mimi nachagua asubuhi ya siku za shule. Bembea ziko wazi, wakubwa hawapo, na mdogo anapanda ngazi kwa mwendo wake bila kusukumwa. Tatizo ni umande: beba kitambaa uufute mtelezo kwanza, la sivyo atatua chini nguo zimelowa chapachapa.

Jioni kuna wenzake wa kucheza nao, jambo kubwa kwa mtoto asiye na ndugu nyumbani. Lakini mtelezo wa chuma uliopigwa na jua mchana kutwa huunguza mapaja. Uguse kwa kiganja kabla hajakaa. Foleni nayo ni ndefu, na hapo ndipo wazazi wengi humpakata mtoto wateleze naye. Usifanye hivyo: mguu wake ukinasa pembeni, uzito wako unaweza kuuvunja.