Simfoni mbili za Florence Price: rekodi ya kusikilizwa sebuleni, si kwenye daladala

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiisikiliza rekodi ya simfoni (tungo ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa) ya kwanza na ya tatu za mtunzi Florence Price, zilizopigwa na Okestra ya Philadelphia chini ya kiongozi wake, Yannick Nézet-Séguin na kutolewa mwaka 2021, na kila mara hujikuta nikirudi palepale, kwenye sehemu ya pili ya simfoni ya kwanza. Hapo tarumbeta na tromboni zinaimba taratibu kitu mfano wa tenzi, sauti zote zimeshikana, huku ngoma ikidunda chini kwa chini kila mstari unapokwisha. Aliyekulia kwenye usharika wa Kilutheri wenye kundi la matarumbeta, kama mimi hapa Dar es Salaam, hahitaji kufafanuliwa. Kengele zinapoanza kulia karibu na mwisho, huwa naacha ninachokifanya.

Price, mwanamke Mweusi aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, aliandika simfoni ya kwanza wakati ambapo okestra kubwa za Marekani hazikuwa zimewahi kupiga simfoni ya mwanamke wa asili yake. Okestra ya Chicago ndiyo iliyofungua njia ilipoipiga mwaka 1933. Alifariki mwaka 1953, kazi zake nyingi zikapotea machoni pa watu, hadi mwaka 2009 rundo la nota zake lilipokutwa katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois.

Sehemu ya tatu ya simfoni hiyo ya kwanza inaitwa Juba, jina la dansi ya watumwa ambao, kwa kunyimwa ngoma, walipiga makofi, mapaja na vifua vyao. Price amewapa wapiga violini mdundo huo, na hapa ndipo nina neno: okestra inacheza kwa unadhifu uliopitiliza, na nilitamani kusikia miguu ikigusa ardhi. Simfoni ya tatu ni ngumu zaidi kuizoea, ingawa ina ujasiri mkubwa kuliko dada yake.

Nilipojaribu kuisikiliza kwa simu ndani ya daladala ya Mbagala, ngoma na besi zote zilimezwa na injini. Tafuta spika nzuri na dakika 40 za utulivu kwa simfoni ya kwanza peke yake. Mwalimu wetu wa kwaya niliyemsikilizisha ile sehemu ya pili ameniomba niilete Jumamosi, kabla ya mazoezi, waimbaji wa besi waisikie.