Uzoefu wangu na Subversion folda inapofutwa huku wewe unaifanyia kazi

Timu yetu ina programu ya kurekodi uzito wa sangara na dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, na msimbo wake wote tunautunza kwenye Subversion, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kila mmoja wetu kwenye seva moja. Tumeulizwa sana kwa nini hatuhamii Git, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Kwangu mimi, sababu mojawapo kubwa ni jinsi Subversion inavyoshughulikia mgongano wa folda iliyofutwa.

Nilikuwa nabadilisha hesabu ya kutoa uzito wa kreti ndani ya folda ya mizani. Wakati huohuo mwenzangu wa Bukoba akaihamishia folda hiyo ndani ya folda ya vipimo, akakomiti, yaani akayapeleka mabadiliko yake kwenye seva. Nilipopiga `svn update` kuvuta mabadiliko ya wenzangu, mgongano ukatokea, na `svn status` ikaonyesha A, alama ya kujumlisha na C ya mgongano, chini yake maneno haya: "local dir edit, incoming dir delete or move upon update". Yaani mimi nina mabadiliko humo ndani, ila kutoka kwenye seva folda imekuja ikiwa imefutwa au imehamishwa.

Hapa ndipo pa kutulia. Faili zako bado unaziona kwenye diski, kwa hiyo ni rahisi kuandika `svn resolve --accept=working` na kukomiti. Usifanye hivyo kabla hujajua kilichotokea. Ile A yenye alama ya kujumlisha maana yake folda ya zamani imebakizwa kama nakala inayosubiri kuongezwa upya. Ukikomiti, inafufuka, na timu inabaki na folda mbili za mizani, kila mtu akirekebisha ya kwake. Kwa programu inayoamua mvuvi alipwe kilo ngapi, hilo ni jambo zito.

Ninachofanya ni kupiga `svn log -v` kwenye mzizi wa mradi. Subversion huandika uhamisho kama matendo mawili, kunakili na kufuta. Ukikuta D (imefutwa) kwenye mizani, na kwenye komiti hiyohiyo A (imeongezwa) ya vipimo/mizani inayotaja ilikotoka, folda imehama. Ukikuta D peke yake, imefutwa kweli, basi mpigie simu aliyeifuta.

Toleo 1.6 la mwaka 2009 ndilo lililoanza kutambua migongano ya aina hii, lakini raha yenyewe ilikuja na 1.10 mwaka 2018. Tangu hapo `svn resolve` inapekua historia yenyewe, inakutajia nani alihamisha na kwenye komiti ipi, kisha inajitolea kupeleka mabadiliko yako kwenye makao mapya. Kwangu ilifanya hivyo, na hesabu yangu ya kreti ikatua ndani ya vipimo bila mstari kupotea.

Git haitunzi folda, inatunza faili tu, kwa hiyo mgongano wa namna hii unakuja faili moja moja. Imeanza kutambua folda iliyobadilishwa jina tangu toleo 2.18, ila mimi napenda kuambiwa habari ya folda nzima kwa pamoja.

Kero ni kwamba upekuzi huo unakwenda hadi kwenye seva. Kwa bando la simu, na historia ikiwa ndefu, utasubiri. Na kama mwenzako alihamisha folda kwa kipanya, kisha akaiongeza kwa `svn add`, hakuna kumbukumbu ya ilikotoka, na programu haitaipata. Kwetu sasa kuhamisha ni kwa `svn move` tu.