Presi ya Kujazia Risasi: Ipi Ununue Kwanza, na Nini Uongeze Baadaye

Uhaba wa mwaka 2020 na 2021, rafu za maduka ya bunduki Marekani zilipobaki tupu na fataki (kile kidonge kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) zikawa bidhaa ya kuviziwa, uliwafanya wengi wafikirie kujaza risasi zao wenyewe. Ganda la shaba likishapigwa halijaisha kazi. Unalirudisha kwenye umbo lake, unaliwekea fataki mpya, baruti na kichwa kipya, na liko tayari kurudi uwanjani. Mashine ya kazi hiyo ni presi, na ya kuanzia nayo ni ile ya hatua moja: kila ukivuta mkono, ganda moja linafanyiwa jambo moja tu.

Kabla ya pochi, sheria. Mwongozo huu ni wa walioko Marekani, ambako sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Ukitaka kuziuza, hilo ni jambo jingine kabisa na lina leseni yake. Kwa wale wetu walioko huko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, angalieni sana: kwa kawaida mwenye viza ya namna hiyo haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa ana kibali kama leseni ya uwindaji. Mwenye green card hakatazwi na kipengele hicho. Na usifikirie kupakia mashine hii kwenye kontena la kwenda nyumbani ukaitumie huko. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Sasa tuje kwenye chuma. Kuna mambo matatu ninayoyatazama, na rangi ya presi wala si mojawapo.

La kwanza ni umbo la fremu. Fremu iliyofungwa pande zote, mfano wa herufi O, haifunguki unapovuta kwa nguvu. Ile ya herufi C iko wazi mbele, mkono unaingia kwa raha, lakini ukilibana ganda kubwa inapinda kidogo, na kupinda huko kunaonekana kwenye vipimo. Kwa risasi za bastola hutaona tofauti. Kwa risasi kubwa za bunduki kama .30-06, au kwa .375 H&H ambayo wawindaji wa kitalii Tanzania wanaifahamu vizuri, utaiona.

La pili ni hesi. Karibu kalibu zote za kujazia (vifaa vinavyofungwa juu ya presi ili kulirudisha ganda kwenye umbo au kuketisha kichwa) zina hesi za inchi 7/8, kumi na nne kwa inchi, kwa hiyo kalibu za kampuni moja huingia kwenye presi ya nyingine. Presi nzuri zina kitu cha ziada: bushi, yaani pete ya chuma yenye hesi, inayofunguka, na chini yake tundu pana la inchi 1¼. Tundu hilo ndilo linalokupa nafasi ya kuboresha mashine baadaye bila kununua nyingine.

La tatu halitajwi sana na wauzaji, nami nalipa uzito kuliko yote: fataki zilizotumika zinakwenda wapi? Masizi yake yana madini ya risasi, yaani ledi, na vumbi lile hukaa kwenye zulia, kwenye nguo, kwenye vidole vya mtoto anayekuja kuangalia baba anafanya nini gereji. Presi inayozipitisha ndani ya pistoni (nguzo inayopanda na kushuka ikibeba ganda) hadi kwenye bomba na chupa imekuondolea sehemu kubwa ya uchafu huo. Inayozidondosha kwenye kitrei kidogo cha plastiki, nusu utaziokota sakafuni. (Kunawa mikono na kutokula mezani hapo hakuna presi inayokusamehe.)

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya kwanza naipa Lee Classic Cast, kutoka Hartford, Wisconsin. Watu huidharau kwa sababu Lee inajulikana kwa vitu vya bei nafuu, na kweli presi zao nyingine ni za alumini na nyepesi. Hii si hiyo. Fremu ni chuma cha kusubu, imefungwa kama O, fataki zinashuka ndani ya pistoni hadi kwenye bomba, mkono unahamishika kulia au kushoto, na tundu lake ni pana kiasi cha kupokea kalibu za .50 BMG, risasi kubwa mno. Bei yake iko chini ya washindani wa uzito huo. Umaliziaji si wa kupendeza, kuna kingo utatamani kuzipiga msasa, lakini msasa ni senti chache.

Ya pili ni RCBS Rock Chucker Supreme. Kampuni hii ilianza Oroville, California, mwaka 1943, na Rock Chucker za zamani bado zinafanya kazi kwenye gereji za wajukuu wa walionunua. Ni nzito, ngumu, na vipuri vyake viko kila mahali. Kama ningekuwa napanga kwa uimara peke yake ingekuwa ya kwanza. Kinachoirudisha nyuma ni kile kitrei cha fataki. Kampuni yenyewe ilipotoa presi yake mpya zaidi, Rebel, ilizipitisha fataki ndani ya pistoni, na hapo nadhani walikiri wenyewe.

Ila Rock Chucker iliyotumika ni hesabu nyingine. Kwenye maduka ya rehani, maonyesho ya bunduki na minada ya vitu vya marehemu hupatikana kwa sehemu tu ya bei ya mpya, na ukiipata katika hali nzuri inaipiku hata ile ya kwanza yangu. Mwambie muuzaji akuache uipandishe pistoni hadi juu, kisha uitikise kwa vidole pande zote. Mchezo mdogo sana unavumilika, ikigonga, iache. Tazama pini za viungo, tazama kama kuna ufa kwenye miguu inapofungwa bolti. Kutu ya juu isikutishe, inatoka kwa mafuta na brashi ya waya.

Forster Co-Ax ya Lanark, Illinois, ndiyo presi bora katika orodha hii, na bado naiweka ya tatu. Kalibu haifungwi kwa hesi. Unaichomeka kwenye mfereji wake na kuichomoa kwa sekunde. Inaelea kidogo ili ganda lijitafutie katikati, na badala ya kishikio cha ganda cha kila kaliba (ukubwa wa risasi) ina taya zinazobana maganda ya saizi nyingi. Walenga shabaha wa masafa marefu wanaiapia. Lakini ni ghali, inachagua pete za kufungia kalibu (pete za Lee zenye mpira haziipendi), na mkono wake unasimama katikati juu, hivyo rafu iliyo juu ya meza lazima iondoke. Kwa mtu anayeanza, tofauti ya bei hiyo ina kazi bora zaidi, nitaitaja punde.

Redding Big Boss II, ya Cortland, New York, ni nzuri kila upande na umaliziaji wake ni wa kuonea fahari. Sina la kuilaumu ila bei. Hornady Lock-N-Load Classic ina bushi za kubadilisha kalibu kwa kuzungusha kidogo tu, raha tupu, ingawa fremu si ya chuma cha kusubu. Zile ndogo za umbo la C, kama Lee Reloader, usizinunue uwe nazo peke yake. Kama presi ya pili ya kung'oa fataki tu, nje barazani, zinafaa.

Vifurushi vya kuanzia, ambavyo vina presi, mizani, kipimia baruti na kitabu ndani ya boksi moja, huokoa pesa mradi presi iliyomo ni ile ungeichagua hata ikiuzwa peke yake. Mara nyingi mizani ndiyo sehemu dhaifu.

Na hapo ndipo pesa ya maboresho inapoanzia, wala si kwenye presi. Mizani unayoiamini, mawe yake ya kuhakikishia uzito, na vernia kalipa nzuri ya kupimia urefu vinaingia kwenye usalama wako moja kwa moja. Kitabu cha vipimo cha karibuni pia. Vipimo vya baruti havikisiwi wala haviombwi kwa rafiki.

Kisha meza. Presi ya bei yoyote juu ya meza inayocheza ni kinu juu ya tope. Funga meza ukutani, tumia bolti zinazopita mbao hadi chini zikiwa na washa pana, si skrubu za mbao. Wengine huongeza kiinulio cha chuma, kama vile vya Inline Fabrication, ili presi ikae kimo cha kufanya kazi umesimama. Mgongo utashukuru.

Baada ya hapo, seti ya bushi za Hornady inayoingia kwenye lile tundu la inchi 1¼. Unazitega kalibu zako mara moja, kila moja na bushi yake, na hutazirekebisha tena kila unapobadilisha kazi. Hili ndilo boresho linalookoa muda mwingi kwa pesa kidogo. Kifaa cha mkononi cha kuweka fataki kinafuata: unaisikia fataki inavyoketi, kitu ambacho mkono mrefu wa presi hauambii vizuri.

Kama bado kasi haikutoshi, kwa sababu unapiga bastola mamia kila wikendi, usibadilishe presi ya hatua moja kwa nyingine ya hatua moja. Ruka hadi tareti (presi yenye kichwa kinachozunguka kikiwa na kalibu kadhaa) au presi ya mfululizo, inayofanya hatua kadhaa kwa mvuto mmoja, kama za kampuni ya Dillon. Ile ya zamani usiiuze. Utaihitaji kung'oa fataki kwenye maganda machafu, na ukiifungia kichomoa vichwa cha hesi zilezile za 7/8, kufungua risasi ulizozikosea.