Kipimo cha damu cha Alzheimer kwa mgonjwa wa Lamu: mashine haina neno, kazi iko njiani

Kipimo cha Lumipulse G cha kampuni ya Fujirebio hupima protini mbili zinazohusiana na Alzheimer katika plazima (maji ya damu yaliyotengwa na chembe), p-tau217 na beta-amiloidi 1-42, kisha hugawa cha kwanza kwa cha pili. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilikiruhusu Mei 2025 kwa wenye miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Katika sampuli 499 zilizokaguliwa, asilimia 91.7 ya waliotoka chanya walikuwa na amiloidi kweli kwenye ubongo, kwa skani ya PET (picha ya ubongo) au maji ya uti wa mgongo. Waliotoka hasi, asilimia 97.3 hawakuwa nayo. Chini ya mmoja kati ya watano walibaki katikati, si chanya wala hasi. Kwa sindano ya mkononi tu, hizo ni alama za juu.

Mtihani ni joto la Lamu. Kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kile cha kifuniko cha zambarau, kijazwe hadi alama na kipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Damu ikikaa, amiloidi hupungua upesi, p-tau217 hubaki karibu pale pale. Kigawanyo kikishuka, jibu hupanda, na bibi asiye na ugonjwa anaandikiwa Alzheimer iliyopikwa botini. Kwa hiyo damu nzima isivuke kwa boti kwenda uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Manda. Izungushwe kisiwani kwenye sentrifuji, mashine ya kutenga plazima, ndani ya saa 2, dakika 10 kwa 2,000 g (g ni nguvu ya mvutano, jamani, si mizunguko kwa dakika), plazima itiwe vichupa vya polipropilini, aina ya plastiki, na igandishwe. Friza ya nyuzi -20 inatosha wiki 2. Zaidi ya hapo ni -80. Damu nzima haigandishwi, chembe nyekundu hupasuka. Safarini ni barafu kavu. Boksi la barafu ya kawaida la wavuvi huiacha plazima iyeyuke.

Fomu iambatane na kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo. Figo zikichoka p-tau217 hupanda, na kugawanya kunapunguza kosa hilo bila kulimaliza.

Kabla ya yote hayo, chunguza sababu nyingine za usahaulifu: tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, sonona na dawa anazomeza mzee, hasa za mzio na usingizi. Anayekumbuka vizuri asipimwe: wazee wengi wana amiloidi kichwani na hawajapoteza hata jina la mjukuu.

Aliyebaki katikati huhitaji PET au maji ya uti wa mgongo. Maji hayo yadondokee moja kwa moja kwenye polipropilini, maana amiloidi hunata kwenye kioo.