Kisanduku cha Miradi ya Ufundi: Kinafundisha Kubuni, au Kuunganisha Tu?

Visanduku vya miradi ya ufundi na usanifu vinavyotengenezwa kwa ajili ya shule za sekondari huwa vya namna mbili. Kuna vile ambavyo kila kipande kimekwisha kukatwa kiwandani, kazi ya mwanafunzi ikabaki kupaka gundi na kufuata picha, na kuna vile vinavyompa mbao, waya na kadibodi ambazo hazijaguswa pamoja na tatizo la kutatua. Kisanduku nilichokitumia na wanafunzi wa miaka ya mwanzo ya sekondari kimechanganya namna zote mbili, kwa hiyo ubora wake hutofautiana mno kutoka mradi mmoja hadi mwingine.

Mradi unaostahili sifa kuliko yote ni kichezeo cha mbao kinachoendeshwa kwa kamu, yaani gurudumu ambalo ukingo wake hausukumi kwa usawa, hivyo likizunguka huinua na kushusha kinacholiegemea. Mwanafunzi anapozungusha mkono wa waya, mhimili huzunguka pamoja na kamu, na kijiti kilichoegemea juu ya kamu hiyo hupanda na kushuka kikiwa kimebeba umbo lolote alilolichagua mwenyewe, awe ndege, mvuvi au mpiga ngoma. Kamu ya kwanza ni duara la kawaida lililotobolewa kando ya kitovu chake. Tundu likiwa milimita 8 kutoka kwenye kitovu, kijiti hupanda milimita 16, yaani maradufu ya umbali huo. Mwongozo haukuitaja kanuni hii, jambo ambalo kwangu ni la heri, kwa kuwa wanafunzi waliifikia wenyewe kwa rula na penseli. Mmoja alitaka nyundo ipande polepole kisha ianguke ghafla, akachora kamu yenye umbo la konokono, na alipojaribu kuizungusha kinyume kijiti kikakwama kwenye ngazi ya kamu, pale ukingo wake unaposhuka ghafla. Mabishano yaliyofuata, kama mashine inapaswa kumzuia mtumiaji au kumwonya tu, yalikuwa somo la usanifu ambalo sikuwa nimeliandaa.

Plaiwudi iliyomo ni ya unene wa milimita 3, yenye tabaka tatu ambazo nyuzi zake zimekingamana, na kwa sababu hiyo haipasuki kwa urahisi hata tundu likiwa karibu na ukingo. Hata hivyo, keekee inapotokeza upande wa pili huchana tabaka la nje na kuacha vibanzi. Dawa yake ni kuweka kipande cha mbao chakavu chini ya kazi na kuvibana pamoja kabla ya kutoboa, lakini mwongozo, ambao umetumia ukurasa mzima kueleza namna ya kupaka rangi, haukusema neno juu ya hilo.

Daraja la kadibodi ni mradi mzuri wa kufanywa kwa makundi, maana matokeo yake hupimwa kwa uzito na hayahitaji hukumu ya mwalimu. Fremu ya mstatili iliyofungwa kwa pini pembeni husukumwa kidogo tu ikalala upande, ilhali pembetatu haiwezi kubadili umbo bila mojawapo ya pande zake kurefuka, kufupika au kujikunja. Wanafunzi wakishaliona hilo kwa mikono yao, hawakumbushwi tena kuweka mihimili ya mshazari. Daftari la kushonwa nalo ni kazi safi na tulivu, ingawa uamuzi wa kubuni humo ni mdogo: rangi ya jalada na aina ya mshono, basi.

Taa ya mezani ndiyo iliyonivunja moyo. Vipande vyote vimekatwa tayari, na saketi ni betri ya volti 9, LED (kitaa kidogo cha kielektroniki) moja nyeupe na rezista, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, ya omu 330, vyote vikiunganishwa kwa kufuata mchoro wenye rangi. Hakuna mahali mwanafunzi anapoulizwa rezista ile inafanya kazi gani. Kwa kuwa LED nyeupe hutumia takribani volti 3, volti 6 zinazobaki huangukia kwenye rezista na kuruhusu mkondo wa kiasi cha miliampia 18, hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia ya sekondari anaimudu na ambayo ingemwezesha kuchagua LED nyekundu, au kuweka mbili, bila kuziunguza. Niliwaacha watengeneze kivuli cha taa kwa kadibodi iliyobaki kwenye daraja, na hicho ndicho kilichopata mvuto kuliko taa yenyewe.

Jedwali la kusahihishia nalo lina kasoro: limetenga alama nyingi kwa umaliziaji, yaani msasa na rangi, na halina nafasi ya michoro ya awali wala ya mabadiliko aliyofanya mwanafunzi baada ya jaribio la kwanza kushindikana. Mwalimu atalazimika kuandika la kwake.

Kwa shule yenye karakana ndogo ningeshauri kununua kisanduku hiki kwa ajili ya kamu na daraja, na kuichukulia taa kama ghala la vipuri. Vibano vya kushikilia mbao havimo, na visipokuwepo mwanafunzi hushika plaiwudi kwa mkono mmoja na msumeno kwa mwingine. Kwa hiyo viagizwe pamoja na miwani ya kinga kabla ya kipindi cha kwanza.