Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere: Jengo la Abiria la Pili au la Tatu?

Kwa starehe, Jengo la Tatu halina mpinzani pale Dar es Salaam. Rais Magufuli alilizindua Agosti 1, 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Unaingia kwenye ndege kupitia daraja, hulowi. Jengo la Pili, la mwaka 1984, lilikusudiwa abiria milioni 1.5 tu, kule unatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi ya ndege, iwe jua, iwe mvua.

Ila kwa usanifu nalichagua la Pili. Lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule aliyechora uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris. Likikarabatiwa, mchoro wake usiguswe.