Deki ya Blu-ray: Iwe ya Ngapi kwenye Orodha ya Manunuzi ya Sebule ya Mbeya au Iringa?

Pita maduka ya vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, au Miyomboni ukiwa Iringa, utakuta TV za 4K zimepangwa hadi mlangoni. Muuzaji akishajua una deki ya DVD nyumbani ataanza somo: TV hii na DVD haviendani, chukua na deki ya Blu-ray kabisa. Mimi ningeiweka ya nne. Si kwamba ni mbovu. Picha yake inashinda karibu kila kitu kinachoingia sebuleni kwa dishi au kwa bando. Tatizo ni diski gani utaweka humo ndani, na utaiangalia kwenye kioo gani.

Picha ya TV ni vidoti. VCD za zamani, zile za muvi moja diski mbili, zilikuwa na vidoti laki moja hivi. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ikapanda hadi laki nne na kidogo. Blu-ray ya mwaka 2006 ina zaidi ya milioni mbili, 1920 kwa 1080, ndiyo hiyo Full HD. Mdogo wake, Ultra HD Blu-ray ya mwaka 2016, ana milioni nane, yaani 4K. Ujazo nao umepanda vivyo hivyo: DVD ya tabaka moja GB 4.7, Blu-ray GB 25 au 50, na ya 4K hufika GB 100. Kwenye karatasi ubishi umekwisha.

Sebuleni bado. Chukua futi, pima toka kochi hadi kwenye kioo. Jicho zima lina mwisho wake: kwenye TV ya inchi 43, vidoti vyote vya Full HD vinatofautishwa ukikaa kama mita 1.7, na kwenye inchi 55 kama mita 2.2. Ukisogea nyuma zaidi, vinaanza kuungana. Ukiwa na inchi 32 na kochi liko mita tatu, hata DVD nzuri ina mistari mingi kuliko jicho linavyoweza kuhesabu. Tena inchi 32 nyingi zilizoandikwa "HD Ready" si Full HD. Kioo chake ni 1366 kwa 768. Kama hiyo ndiyo TV yako, au bado una chogo, Blu-ray haitakufanyia lolote ambalo jirani ataliona.

Kwa hiyo ya kwanza kwenye orodha yangu ni TV yenyewe, Full HD au 4K ya inchi 43 hadi 55 kulingana na ulivyopima. Faida yake haiishii kwenye diski. Mpira wa Jumapili unafaidi, tamthilia zinafaidi, na watoto wakifungua YouTube wanafaidi. Deki ya DVD usiitupe, ila kama ina HDMI, tundu la waya mmoja unaopitisha picha na sauti, acha kutumia nyaya tatu za rangi; hamia HDMI leo hii, hutumii zaidi ya bei ya waya. Na TV guard si pambo. Huku kwetu kuanzia Novemba hadi Aprili radi inapiga, umeme unashuka na kupanda, na kioo cha TV kikiungua gharama yake hukaribia TV mpya.

Ya pili ni hadi diski (hard disk) ya nje, au flash kubwa ya maana. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ubora mwingi unapopotea bila mwenyewe kujua. Chukua video ya harusi. Mpiga video wa siku hizi anarekodi send-off yako kwa Full HD, wengine hata 4K, halafu akimaliza kuhariri anakukabidhi DVD mbili zenye kava la bibi harusi na bwana harusi wakitabasamu. Kule kuichoma kwenye DVD kumeshusha vidoti milioni mbili hadi laki nne, na hakuna deki itakayovirudisha. Deki yenye HDMI itaikuza picha ijae kioo, basi. Kwa hiyo siku ya kulipa advansi mwambie kabisa: DVD utawapa wazee, wewe akuwekee faili la 1080p, yaani Full HD, kwenye hadi diski yako. Ni hatua ya bei rahisi kuliko zote nilizozitaja, na hiyo ndiyo muvi pekee ambayo huwezi kuikuta dukani ikipotea.

Ukifika nyumbani mambo mawili hukwamisha. Flash nyingi huja zimefomatiwa FAT32, na humo faili moja haliruhusiwi kuzidi GB 4. Sherehe ya saa tatu kwa Full HD inapita hapo kirahisi, na kompyuta itagoma kunakili hata kama flash ni tupu. Ifomati upya iwe exFAT au NTFS, ila kwanza soma kitabu cha TV uone inakubali ipi. Jambo la pili ni namna faili lilivyobanwa: TV ya miaka ya nyuma ikikutana na H.265 hutoa sauti bila picha, au huandika tu kwamba haitambui. Omba H.264, faili la MP4, karibu kila TV inalicheza. Na flash ya GB 512 inayouzwa bei ya chipsi kuku usiiguse. Ndani mara nyingi ni kidude kidogo kilichodanganywa namba. Inapokea kila unachoweka, na siku ya kufungua ndipo utakapojua. Vibanda vya kujaza muvi sivipangi humu. Kunakili kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na picha zake nyingi ni za kubahatisha.

Ya tatu ni PlayStation iliyotumika, kama nyumbani kuna vijana. PS3 na PS4 zote zinacheza Blu-ray na DVD, kwa hiyo gemu na deki vinakuja kwenye boksi moja. PS4 mpya kwako itahitaji intaneti mara moja tu kuruhusu diski za muvi zicheze. Hotspot ya simu inatosha. Ila haichezi CD za muziki, na wala haisomi diski za 4K, hata ile ya Pro. PS5 yenye tundu la diski inazisoma.

Ndipo tunafika kwa deki ya Blu-ray yenyewe, ya nne. Inamfaa mtu mwenye diski halisi: aliyesoma au kufanya kazi nje akarudi na boksi lake, au mwenye ndugu Uingereza au Afrika Kusini anayeweza kumtumia. Kwa mtu anayenunua muvi mtaani haina kazi. Muvi za kutafsiriwa, ambazo ndizo roho ya nyumba nyingi, hutengenezwa kwa DVD au faili dogo, na deki ya bei mbaya haitaongeza kitu. Bongo muvi nazo siku hizi unazikuta Sinema Zetu au YouTube.

Halafu kuna Blu-ray za jina tu. Kijana mmoja alimletea fundi jirani yangu diski yenye kava la bluu, aliinunua Tunduma.

"Shikamoo fundi. Hii Blu-ray deki yangu ya DVD inaicheza safi kabisa. Sasa wananiambia ninunue deki nyingine ya nini?"

Fundi akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Marahaba, bwana mdogo. Deki ya DVD haisomi Blu-ray hata ufanyeje. Ikiicheza, ujue hiyo ni DVD imevalishwa koti."

Ndivyo ilivyo. DVD inasomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, Blu-ray kwa mwanga wa bluu-zambarau wa nanomita 405, na mistari ya data kwenye diski yake imebanana mara mbili na zaidi. Lenzi ya DVD haiwezi kuifuata. Zile za muvi nane kwenye diski moja ndiyo kabisa: hata DVD ya tabaka mbili ina GB 8.5 tu, gawanya kwa nane uone kila muvi imebakiwa na nini.

Ya tano ni deki ya Ultra HD. Kwa kawaida bei yake inazidi TV ya inchi 32, na diski zake ni ghali zaidi. Labda uwe na inchi 65 na pesa isiyo na kazi. Kuna watakaosema 4K wataipata kwa Netflix. Kampuni yenyewe inasema 4K inaweza kula GB 7 kwa saa, na HD GB 3. Muvi ya saa mbili ni GB 14. Kama umefikiwa na faiba sawa, kwa bando la simu piga hesabu mwenyewe.

Ukishaamua kununua deki iliyotumika, igeuze nyuma kabla ya kuuliza bei. Ya Japani imeandikwa 100V, ya Marekani 120V. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V utasikia harufu tu. Tena deki na diski za Blu-ray hufungwa kwa kanda za dunia: hizo zote mbili ni za kanda A, wakati Afrika iko kanda B pamoja na Uingereza, kwa hiyo diski ya ndugu yako wa London inaweza kukataliwa. Diski za 4K hazina kanda. Tazama nembo mbele: ikiandikwa HD DVD, hiyo ni ya mfumo shindani ambao Toshiba waliuacha Februari 2008 baada ya kampuni ya muvi ya Warner kuhamia Blu-ray, na muvi mpya zake hakuna. Angalia matundu, deki nyingi za karibuni zina HDMI peke yake, mwenye chogo atabaki ameishika mkononi. Kama imeshuka kwenye basi la alfajiri toka Makete mwezi wa Juni, iache sebuleni saa nzima kabla ya kuiwasha, maana lenzi iliyopata ukungu inaandika "No Disc" hata ikiwa nzima. Na nenda dukani na diski yako halisi moja, si ya muuzaji. Isubiri hadi picha itokee, ruka hadi mwisho wa muvi kisha rudi katikati. Ikisita hapo, mwachie deki yake.